Suahili, Suaheli, Swahili: Kichwa cha Mada na Historia Yake katika Utafutaji wa Maandishi Tangulizi

Katika tasnifu nyingi za isimu na fasihi ya Kiswahili, aghalabu mwishoni mwa sura ya pili, hukutwa sentensi inayodai kwamba mada husika haijapata kushughulikiwa na mtafiti yeyote. Dai hilo ni zito. Linatolewa kuhusu maktaba zote za dunia, ilhali ushahidi wake mara nyingi ni neno moja lililoandikwa katika hifadhidata moja. Mwandishi wa makala hii aliwahi kuliandika katika pendekezo lake la uzamivu kuhusu mofolojia ya kitenzi. Msimamizi wake hakusema neno. Alimwekea mezani kazi mbili za Kijerumani ambazo mada zake zilitumia tahajia "Suaheli", tahajia ambayo mwandishi hakuwahi kufikiria kuitafuta.

Tatizo hilo lina umri mkubwa. Mwaka 1850 J. L. Krapf alichapisha huko Tübingen muhtasari wa sarufi ya lugha aliyoiita "Kisuáheli". Katika kamusi yake ya 1882 lugha hiyohiyo imekuwa "Suahili". Kati ya vitabu hivyo viwili Edward Steere alikwisha kutoa mwongozo wake wa 1870, akaandika "Swahili". C. G. Büttner aliipa antholojia yake ya 1894 tahajia ya "Suaheli", na Carl Velten akafanya vivyo hivyo mwaka 1903. Leo wapo wanaoandika kwa Kiingereza wakaliacha jina "Kiswahili" na kiambishi chake. Kompyuta inayolinganisha herufi haijui kwamba yote hayo ni jina moja.

Kichwa cha mada kilibuniwa kwa ajili ya mtawanyiko wa namna hii. Charles Ammi Cutter, mkutubi wa Boston Athenaeum, alieleza katika kanuni zake za 1876 kwamba katalogi sharti imwezeshe msomaji kuona maktaba ina nini kuhusu mada fulani, na si kupata tu kitabu ambacho jina lake tayari analijua. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kujenga orodha yake ya vichwa mwaka 1898, ikaichapisha kwa sehemu kati ya 1909 na 1914. Chini ya utaratibu huo, kamusi ya Krapf na mwongozo wa Steere hukutana katika kichwa kimoja, "Swahili language", hata kama majalada yao hayakubaliani. Antholojia ya Büttner huangukia upande wa "Swahili literature". Mkutubi amekwisha kufanya kazi ambayo mtafiti angeifanya kwa kubahatisha tahajia.

Kwa hiyo mtafiti hafai kuanza na maneno yake mwenyewe. Aanze na kazi moja anayojua kuwa inahusika, afungue rekodi yake kamili, asome vichwa ilivyopewa, kisha atafute kwa vichwa hivyo. Akihamia hifadhidata nyingine arudie hatua hiyo, kwa kuwa bibliografia ya kimataifa ya MLA, kwa mfano, ina msamiati wake na haifuati ule wa Maktaba ya Bunge.

Hata hivyo, anayepanga majina hupanga akiwa mahali fulani. Cutter alitaka mazoea ya wasomaji yatangulizwe kuliko urahisi wa mkutubi, na wasomaji aliowajua walikuwa wa Boston. Matokeo ya jambo hilo yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Lusaka, ambako Mmarekani Sanford Berman alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia. Humo alikuta kichwa rasmi "Kafirs", kilichotumiwa kwa baadhi ya watu wa kusini mwa Afrika. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa asili ya neno hilo, maana tunalo sisi wenyewe kutoka Kiarabu. Lakini kusini lilikwisha kuwa tusi la rangi. Kitabu alichokitoa Berman mwaka 1971 kilichambua vichwa vingi vya aina hiyo kuhusu watu, na baadaye vingi vikabadilishwa. Kadi za zamani, lakini, hazikujibadilisha zenyewe, wala bibliografia zilizokwisha kuchapwa. Anayetafuta maandishi ya miaka ya 1930 juu ya sanaa za Afrika atalazimika kupitia pia "Art, Primitive", apende asipende.

Kwetu wanaisimu lipo jambo la ndani zaidi. Vigawanyo vinavyoambatishwa kwenye jina la lugha yoyote katika orodha hiyo vimewekewa vielelezo rasmi, na vielelezo hivyo ni Kiingereza, Kifaransa na lugha za Kirumi. Kiswahili kinapangwa katika rafu iliyochongwa kwa vipimo vya wengine. Sidhani kwamba hii ni sababu ya kukiacha kichwa cha mada. Ni sababu ya kutokitegemea peke yake katika masuala kama ya ngeli, ambako istilahi za Kibantu hazina budi kutafutwa zenyewe ndani ya matini.

Aidha, vichwa hivi hupewa vitabu zaidi kuliko makala. Jarida lililotokana na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 limepita majina kadhaa, likiwamo *Swahili* kabla ya kuwa *Kiswahili*, na sehemu kubwa ya yaliyomo humo bado hupatikana kwa kufungua yaliyomo ya toleo moja baada ya jingine.

Wanafunzi ninaowasimamia sasa huwasilisha, pamoja na sura ya pili, ukurasa mmoja wa vichwa, tahajia na tarehe za utafutaji wao. Pale palipokuwa na sentensi ya zamani huandika kwamba, chini ya vichwa hivyo, katika hifadhidata hizo, hadi tarehe hiyo, hakuna kazi waliyoipata.