Mihuri ya Harappa na Nyimbo za Vidunda

Wapenzi wa lugha, sisi tukaao Ruaha, wilayani Kilosa, twaishi kando ya mto unaoishia mbali. Ruaha Mkuu hushuka kutoka nyanda za juu za kusini, ukapita Mtera na Kidatu, ukaungana na Rufiji na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya bahari hiyo lipo Bara Hindi, ambalo historia yake nimeisomesha sekondari kwa miaka mingi. Leo nalieleza kwa ajili ya malenga, kwa kuwa lina fundisho litugusalo.

Zamani za kale Bara Hindi lilishikamana na Afrika. Likajitenga, likasogea kaskazini, na takriban miaka milioni 50 iliyopita likaigonga Asia. Mgongano huo ukainua milima ya Himalaya, ambayo theluji yake hulisha mito ya Indus na Ganga. Ardhi ile ipatapo joto, huvuta pepo zenye mvua kutoka baharini. Mabaharia wetu walizifuata kwa kusi, wakarejea kwa kaskazi. Hata nafaka zilisafiri: mtama na ulezi, mazao yenye asili ya Afrika, vililimwa huko zaidi ya miaka 3000 iliyopita.

Katika bonde la Indus, kati ya mwaka 2600 na 1900 K.K., ilistawi miji ya Harappa na Mohenjo-daro. Barabara zake zilinyooka, maji machafu yalipita katika mifereji, na matofali yalifuata kipimo kimoja: urefu mara mbili ya upana, upana mara mbili ya kimo. Watu wake waliandika. Wachimbuaji wamepata maelfu ya mihuri na vitu vingine vyenye maandishi, mengi yakiwa na alama tano hivi tu. Hadi leo hakuna aliyefaulu kuyasoma kwa namna inayokubalika na wataalamu wote. Lugha iliyoyabeba haijulikani, wala halijapatikana jiwe lenye tafsiri yake.

Sasa linganisheni na Veda. Tenzi kongwe zaidi za Kisanskriti, zile za Rig Veda, zilitungwa baada ya miji ile kudhoofika, zikapokezwa kwa mdomo karne nyingi kabla ya kuandikwa. Wanafunzi walizikariri kwa mizani na lafudhi kamili. Kisha walizikariri neno moja moja. Kisha kwa jozi, la kwanza na la pili, la pili na la tatu. Na wengine mbele na nyuma. Neno likipotea, mnyororo hukatika na kosa husikika. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza ughani huo katika orodha yake ya urithi usioshikika.

Ushahidi wa tatu ni nguzo na miamba ya mfalme Ashoka, wa karne ya 3 K.K. Hati yake ilikuwa imesahauliwa, lakini James Prinsep aliisoma mwaka 1837. Aliweza kwa kuwa lugha yake ilikuwa ndugu wa Kisanskriti na Kipali, lugha ambazo wanazuoni na watawa walikuwa bado wanazisoma na kuzighani. Mdomo ndio uliolifungua jiwe.

Nayatazama hayo nikiwa chini ya milima ya Vidunda. Mashamba ya miwa yamewaleta hapa watu wa makabila mengi, na Kiswahili, lugha tuipendayo, ndicho cha sokoni, shuleni na sasa nyumbani. Vijana wengi wa Kividunda niwasikiao huitikia salamu za bibi zao kwa Kiswahili. Wasomi wakikusanya msamiati na kuuchapa, watakuwa wamefanya jambo jema, lakini kitabu kisicho na msemaji chaweza kuwa muhuri wa Harappa.

Kwa hiyo nawaomba malenga wenye lugha za mama: rekodini nyimbo za wazee kwa simu, ziandikeni pamoja na mizani na maana zake, kisha mchukueni mtoto mmoja, mumkaririshe wimbo mmoja hadi auimbe bila kutazama karatasi. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo iliyozihifadhi Veda.