Kodi ya mirathi Tanzania haipo, acheni kuuziana nyumba kwa uongo



Leo naomba tuongelee mirathi. Najua wengi mliokaa hapo kafe mna miaka ishirini na kitu na mnaona haya ni mambo ya wazee. Subirini kwanza. Anayetumwa kwenda kuchapisha karatasi za mzee ni wewe. Anayeambiwa "hebu tazama huko kwenye mtandao" ni wewe. Na mzee akifariki, anayekimbizana na ofisi ni wewe huyo huyo.

Mimi si wakili. Nachapa barua na mikataba kwenye steshenari huku barabara ya Shinyanga. Juzi kati aliingia mzee mmoja na kijana wake mkubwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia, "Mwanangu, nichapie mkataba wa mauziano." Baba anamuuzia mwanawe nyumba kwa shilingi milioni 2. Nyumba yenyewe naijua, iko kule mlimani, ina vyumba vinne, na mnunuzi wa kweli angetoa kama milioni 50. Nikamuuliza kama hiyo milioni mbili ameshaipokea. Akacheka. Hakuna hela iliyotoka mfukoni kwa mtu.

Kumbe alisikiliza kitu kwenye simu kwamba serikali sasa inakata asilimia 40 ya mirathi, akaona bora ahamishe jina mapema. Ana mke na mabinti watatu. Nikamuuliza, "Na hao wengine je, mzee?" Akamwonyesha kijana: "Huyu atawaangalia."

Jamani, ndiyo maana naandika. Kile alichosikia hakipo hapa kwetu, ila mkataba ule ungemletea kodi ya kweli na kuwaacha watu wanne bila kitu.

KODI YA MIRATHI IKO WAPI?

Kodi ya mirathi ni ile inayokatwa kwa sababu mtu amekufa na mali yake inakwenda kwa warithi. Tanzania haitozi kodi ya namna hiyo. Kenya walikuwa nayo, urithi wa sheria za Mwingereza, wakaifuta mwaka 1982. Kwa hiyo hata jirani zetu hao hawaitozi.

Hiyo asilimia 40 ni ya Uingereza. Kule, mali ya marehemu ikizidi pauni 325,000, kile kilichozidi kinakatwa asilimia 40, ingawa kuna misamaha, mfano mali inayokwenda kwa mke au mume. Marekani nao kiwango cha juu ni asilimia 40, ila kwa mali kubwa sana: kwa wanaofariki kuanzia mwaka 2026, ni ile inayozidi dola milioni 15. Sasa mtu anachukua habari ya huko, anaitafsiri nusunusu, anaituma kwenye kundi la ukoo, na mzee wa Mkolani anakosa usingizi.

HAPA KWETU KINACHOKATWA NI NINI?

Kodi yetu inaangalia pale mali inapouzwa au kuhamishwa mtu akiwa hai. Shika haya:

1. Kodi ya ongezeko la mtaji. Iko kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Ukiuza ardhi au nyumba, faida uliyopata inakatwa asilimia 10 kama wewe ni mkazi wa Tanzania, na asilimia 20 kama si mkazi. Faida maana yake ni bei uliyouzia ukitoa gharama za kununua na kujenga.

2. Badiliko la mwaka 2023. Watu wengi hawana risiti za saruji na mabati ya miaka ya nyuma, na bila risiti gharama huwezi kuionyesha. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta njia nyingine: mkazi asiye na kumbukumbu za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa.

3. Misamaha. Nyumba ambayo mwenyewe umeimiliki miaka 3 au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka 3, faida isipozidi milioni 15, haitozwi. Shamba la thamani chini ya milioni 10, lililolimwa angalau miaka 2 kati ya 3 iliyopita, nalo halitozwi.

4. Ushuru wa stempu. Ni kama asilimia 1 ya thamani kwenye hati ya kuhamisha. Kwa kawaida mnunuzi ndiye anayelipa.

5. Kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU. Hii ni ya kila mwezi na haihusiani na kufa kwa mtu. Na tusidanganyane: kulipa LUKU miaka kumi hakukufanyi mwenye nyumba.

TUPIGE HESABU YA YULE MZEE

Ameandika milioni 2. Je, TRA watakubali? Sheria inawaruhusu kuangalia thamani ya soko, hasa mali inapokwenda kwa ndugu au inapotolewa bure. Thamani ni milioni 50. Tuseme ana risiti za milioni 30. Faida ni milioni 20, asilimia 10 yake ni milioni 2. Hana risiti? Asilimia 3 ya milioni 50 ni milioni 1 na laki 5. Ongeza stempu asilimia 1, laki 5 nyingine. Kwa hiyo mzee anayekimbia kodi isiyokuwepo anatengeneza deni la milioni 2 au 2 na nusu.

Akiandika wosia, gharama yote hiyo haimgusi leo. Nyumba inabaki yake mpaka siku yake ifike.

Halafu kuna la pili, baya kuliko kodi. Mkataba ukishasainiwa, nyumba ni ya kijana. Akikopa akashindwa kulipa, imekwenda. Akiuza wiki ijayo, mama yake anahama. Nyumba ya ndoa kisheria haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo mama anaweza kwenda mahakamani kupinga. Mnataka kweli mama na mwana wakutane kortini?

MWENYE NDUGU UINGEREZA ASOME HAPA

Kwa hawa kodi ya mirathi ni jambo la kweli. Zamani Uingereza waliangalia mtu asili yake na makao yake ya kudumu ni wapi. Mtanzania aliyesema "mimi nitarudi nyumbani" aliweza kujitetea kwamba mali yake ya Tanzania isihesabiwe kule. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2025 utaratibu umebadilika. Ukiwa mkazi wa kikodi kule kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita, mali yako ya dunia nzima inaingia kwenye hesabu: nyumba ya London, akiba ya benki, pamoja na ile ghorofa uliyojenga Buhongwa au Nyegezi.

Sasa basi, kama mjomba ana miaka 15 kule na amejenga huku kwa jina lake, mwambie amwone mtaalamu wa kodi wa huko huko kabla hajaandika chochote. Na mali ambayo familia huku mnasema "ni ya wote" lakini karatasi zina jina lake, muiweke wazi akiwa hai.

HATARI KUBWA NI KUFA BILA WOSIA

Wadau, hapa Kanda ya Ziwa watu hawajafukuzwa kwenye nyumba na TRA. Wamefukuzwa na ndugu.

Mtu asipoacha wosia, mahakama inaangalia aliishi vipi: kimila, Kiislamu, au kwa namna iliyoachana na mila. Kwa Waislamu mafungu yanajulikana: mke anapata 1/8 mume akiacha watoto, 1/4 asipoacha, na wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Kwenye mila, kuna kanuni zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436. Humo mtoto wa kiume wa kwanza ana fungu kubwa, wavulana wengine wanafuata, mabinti wako daraja la tatu. Mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Anatakiwa kutunzwa na watoto.

Kanuni hizo zimepingwa. Kesi maarufu iliamuliwa hapa hapa Mwanza mwaka 1990. Holaria Pastory wa Kagera alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na Bernardo Ephrahim wa ukoo wake akaenda mahakamani akidai mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akasema hapana, Katiba inakataza ubaguzi, mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume.

Lakini haikuishia hapo. Wajane wawili wa Shinyanga waliondolewa na shemeji zao kwenye nyumba walizoishi na waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo zina ubaguzi, ila ikakataa kuzifuta. Rufaa ikatupwa 2010. Wakafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao na ikaitaka ibadilishe sheria. Hesabu miaka waliyopigania nyumba. Wosia ni karatasi moja au mbili.

KWA HIYO TUFANYEJE?

Toa kopi hii sehemu umpelekee mzee:

- Andika wosia. Kwa anayefuata mila na anajua kusoma: mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma: wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mrithi asiwe shahidi. Tarehe na sahihi au dole gumba visikosekane.
- Utunze pazuri. RITA wanaandika na kutunza wosia. Kanisani, msikitini, kwa wakili, popote, mradi watu wawili wajue ulipo.
- Tenganisha jasho la mama. Mali waliyochuma pamoja, fungu la mke ni lake tayari, si mirathi. Liandikeni.
- Weka karatasi: hati au leseni ya makazi, mkataba wa kununua uliopita serikali ya mtaa, risiti za ujenzi. Siku ya kuuza risiti hizo ni pesa.
- Msiba ukitokea: cheti cha kifo kwanza, kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha mahakamani kuomba usimamizi. Msimamizi hageuki kuwa mwenye mali. Analipa madeni ya marehemu, pamoja na ya kodi kama yapo, halafu anagawa. Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi 4. Mahakama za juu miezi 6, na hesabu ndani ya mwaka.
- Kubadili jina kwenda kwa mrithi, nenda na barua za usimamizi ili ofisi zielewe ni mirathi na si mauzo. Usiandike "nimeuza" kama hujauza.

Yule mzee? Mkataba sikuuchapa. Nilimwandikia kwenye karatasi hesabu ile ya milioni 2 na nusu, akaikunja akaweka mfukoni. Siku ya nne akarudi na mke wake na binti wa kwanza. Mama ndiye aliyekuwa anataja mali moja moja, mimi nachapa, mzee anatikisa kichwa kukubali. Kijana hakuja. Sijui nyumbani walisemaje, ila majina yote matano yamo kwenye wosia.

Mwenye swali au aliyeona nimekosea, aandike hapo chini. Nawasilisha.