Chungu cha Bibi na Damu ya Mama Mjamzito

[Muziki wa kipindi unashuka]

MTANGAZAJI: Leo tunafunua chungu cha mama mjamzito: zamani kilikuwa na nini, kimepungukiwa nini, na kipi kinafaa kurudi.

Ukisimama Kaberebere, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Isingiro, utaona matoke yakipakiwa kwenye malori. Unaweza kudhani Ankole ni nchi ya ndizi tangu mwanzo. Sivyo. Kwa vizazi vingi wakulima wa hapa walikula kalo, yaani ugali wa ulezi, pamoja na maharage na mboga za majani. Wafugaji waliishi kwa maziwa na samli. Ndizi zilienea sana katika karne ya 20. Matoke yanashibisha, lakini yana protini kidogo. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine, na kalsiamu ndiyo hujenga mifupa ya mtoto.

Kambi ya Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kuwapokea Wanyarwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Kila mama alikuja na jiko lake moyoni: sombe, lengalenga, ndagala, maharage. Lakini mgao ulikuwa hasa mahindi, maharage na mafuta. Siku hizi wengi hupokea pesa, nazo zimepunguzwa. Wewe unajua: pesa ikiwa kidogo, inanunua posho kwanza. Tumbo linajaa, damu inapungua.

[Muziki mfupi]

Sasa sikiliza habari ya Bombay, India. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alieleza ugonjwa alioukuta kwa wajawazito maskini wa huko, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Damu iliwaisha, na wengine walikufa. Aliwapa chakula kilichotengenezwa kwa hamira, wakapata nafuu. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani walikitoa kirutubisho cha namna hiyo kwenye majani ya spinachi. Wakakiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Jani, msikilizaji! Kitu hicho kimo katika lengalenga, ambayo hapa Uganda inaitwa dodo, na katika maharage. Bibi yako hakujua jina lake, lakini alikipika.

Hata hivyo, si kila la zamani lilikuwa jema. Buganda, kwa mfano, mwanamke alikatazwa kula kuku na mayai. Miiko ya namna hiyo ilikuwepo kwa makabila mengi, na mpaka leo kuna mama anayeambiwa aache yai. Mwiko huo uache. Yai ni lako, mama.

Basi fanya hivi. Panda lengalenga kwenye gunia lenye udongo karibu na nyumba. Baada ya wiki chache utaanza kuchuma. Sombe itwange na kuichemsha muda mrefu, sumu itoke. Maziwa yachemshe, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa unaoharibu mimba. Ndagala au mukene, hata kijiko kimoja, tia kwenye mboga. Kamulia limau, na chai iache isubiri, kwa maana chai hupunguza chuma kinachoingia mwilini.

Na vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki, meza. Mimba inahitaji chuma na asidi ya foliki kuliko chungu peke yake kinavyoweza kutoa. Ukiona kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, usingoje siku ya kliniki. Nenda.

Nawe baba, pesa ya mgao ikifika, kaeni wawili mpange. Kabla ya posho yote kununuliwa, toeni kwanza ya maharage na ndagala za mama.

Tukutane kipindi kijacho. Kwaheri.

[Muziki unapanda]