Wino, Kioo na Dole Gumba

Mwaka 1858, huko Jangipur, Bengal, ofisa wa Kiingereza William Herschel alimpa Rajyadhar Konai zabuni ya vifaa vya kujengea barabara. Akihofia Konai asije akaukana mkataba, alimpaka kiganja wino wa muhuri wa ofisi na kukigandamiza kwenye karatasi. Alichotaka ni kumtia hofu tu. Elimu ya alama ilifuata baadaye.

Mwaka 1880 Henry Faulds, daktari Mskoti aliyekuwa Tokyo, aliandika katika jarida la Nature kwamba alama za vidole zaweza kumfichua mhalifu. Alishauri wino wa wapiga chapa upakwe mwembamba juu ya bati au ubao laini.

Kuchukua alama kukawa rahisi. Kuitafuta kati ya maelfu ndiko kulikokuwa na kazi. Jibu lilipatikana Calcutta, ambako Azizul Haque na Hem Chandra Bose walisaidia kuzigawa alama katika mafungu 1,024. Ofisi ya alama ilifunguliwa huko 1897, London ikafuata 1901. Sifa nyingi alipewa mkubwa wao, Edward Henry.

Kazi yenyewe ilitaka mkono mwepesi. Karani hutandaza wino kwa rola, hushika kidole na kukibingirisha kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Anayetoa alama hulegeza mkono. Akikaza, mistari huvurugika na fomu hutupwa.

Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kipande 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na kipande, yaani cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kopo la chuma lililoning'inia shingoni kama njuga ya mbuzi. Aliyeacha kazi bila ruhusa alisakwa kwa alama hizo. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga kipande, akakamatwa 1922. Sheria mpya ya 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe, walowezi waliokuwa wakiusifu utaratibu huo waliona aibu kutia vidole vyao kwenye wino.

Sasa wino umepisha kioo: mwanga humulika kidole, kompyuta hulinganisha mistari. Kenya iliandikisha wapigakura hivyo 2012, lakini siku ya kura, Machi 2013, mashine nyingi ziligoma na makarani wakarudia daftari la karatasi. Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa vidole 2019. Mpasua kokoto, ambaye jiwe limemlamba mistari ya vidole, huambiwa na mashine kwamba hatambuliki.

Kifaa kimebadilika mara nyingi, lakini anayetakiwa kujithibitisha bado ni yuleyule mwenye kidole, na ofisi ndiyo inayokata neno. Kila mfumo mpya lazima umwachie mtu huyo njia nyingine ya kujitambulisha.