Mofini Ilivyofika Vijijini Uganda

Kwa muda mrefu tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na dhiki, ilihesabiwa kuwa huduma ya mtu aliyebakiza siku chache, na fikra hiyo ina asili yake. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London kwa ajili ya wagonjwa waliokaribia kufa, akafundisha kwamba maumivu yao si ya mwili tu, bali pia ya moyo na ya roho. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa ngazi tatu wa kutuliza maumivu ya saratani. Mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ikawekwa ngazi ya juu.

Mwongozo ulikuwepo, lakini Afrika Mashariki dawa yenyewe ilikuwa adimu, kwani wakubwa wa afya walihofia uraibu na wizi. Nairobi ilipata hospisi mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefundisha Singapore, alihudumu katika hospisi hiyo, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Alikuja na njia rahisi: unga wa mofini ulichanganywa na maji, ukatiwa chupani, na mgonjwa akanywa akiwa nyumbani kwake. Serikali ikaridhia unga huo uagizwe.

Dawa ilipopatikana, kikwazo cha pili kikajitokeza. Sheria haikuwaruhusu wauguzi wala matabibu kuwaandikia wagonjwa mofini, ilhali madaktari walikuwa wachache na wengi wao wakikaa mijini. Mwanakijiji alihudumiwa na muuguzi au tabibu, mhudumu wa ngazi ya chini ya daktari. Kwa hiyo mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni, na wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika.

Wapo wanaosema UKIMWI ndio uliosukuma mabadiliko hayo, na wengine wanasifu unafuu wa bei ya dawa. Hoja zote mbili zina uzito. Hata hivyo, UKIMWI uliikumba pia nchi jirani, na unafuu wa unga wa mofini haukuwa wa Uganda peke yake. Kilichoitofautisha Uganda ni kumwamini mhudumu aliye karibu na mgonjwa.

Ukaribu huo ulipata maana mpya mwaka 2010: si wa mahali tu, bali pia wa wakati. Watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu. Waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo, pamoja na matibabu ya kawaida, waliishi kwa nafuu zaidi, na nusu yao walivuka miezi 11.6, ilhali kwa wenzao ilikuwa miezi 8.9. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukazitaka nchi ziiingize tiba shufaa katika huduma za afya, kuanzia ngazi ya msingi.

Basi tiba shufaa haichukui nafasi ya matibabu mengine, wala haingojei yashindwe. Isipokuwepo kwenye zahanati na kituo cha afya, itaendelea kumfikia mgonjwa kwa kuchelewa.