Duka Namba 430: Chapa ya Vivienne Westwood na Kazi ya Mkono

Katika biashara ya mavazi ya Ulaya, chapa huru huitwa ile ambayo mbunifu wake ndiye pia mmiliki wake, kwa maana kwamba hakuna kampuni kubwa ya bidhaa za anasa iliyonunua hisa za kutosha kumwamuru akate nini, auze wapi na afunge lini. Chapa za namna hiyo ni nyingi wakati wa kuzaliwa na chache wakati wa uzee, na jiji la London lina mifano ya kutosha. Biba, iliyofungua duka lake la kwanza mwaka 1964 na kupendwa mno na wasichana wa mjini, iliuza sehemu kubwa ya hisa zake mwaka 1969, ikahamia katika jengo la ghorofa nyingi mwaka 1973, na kufikia 1975 ilikuwa imekwisha kufungwa. Chapa ya Vivienne Westwood, iliyoanzia katika chumba kimoja cha biashara miaka minne kabla ya kufungwa huko, ilibaki mikononi mwa mwasisi wake hadi alipofariki Desemba 2022. Waandishi wengi wamezoea kuisimulia kama tawi la muziki wa panki, ule muziki wa kelele na uasi ulioshika vijana wa Uingereza katikati ya miaka ya 1970. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanamtanguliza mpiga gitaa na kumwacha nyuma fundi cherehani, ilhali chapa hii ilisimama kwa mkasi na sindano muda mrefu baada ya magitaa kunyamaza.

Vivienne Swire, ambaye jina la Westwood alilipata kwa mume wake wa kwanza, alizaliwa Aprili 1941 katika jimbo la Derbyshire, eneo la viwanda vya pamba ambako mama yake aliwahi kufanya kazi ya ufumaji. Mwaka huohuo, kwa sababu ya vita, serikali ya Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi, yaani vikaratasi vilivyoweka kikomo cha mavazi ambayo mtu aliruhusiwa kununua kwa mwaka, na utaratibu huo haukuondolewa mpaka 1949. Kizazi kilicholelewa katika uhaba wa namna hiyo kilijifunza mapema kugeuza koti la baba kuwa sketi ya binti, na kumshonea mtoto nyumbani halikuwa jambo la kujivunia wala la kuonea haya. Familia ilipohamia Harrow, kaskazini magharibi mwa London, mwishoni mwa miaka ya 1950, msichana huyo alisoma ufundi wa vito kwa muhula mmoja tu, akaacha, na hatimaye akawa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuhitimu chuo chochote cha mitindo.

Mwaka 1971 yeye na mwenzi wake Malcolm McLaren walishika duka lililokuwa namba 430 katika barabara ya King's Road, upande wa mwisho wa barabara hiyo ambako kodi ilikuwa nafuu kuliko upande wa madukani. Waliliita Let It Rock na kuuza humo mavazi ya Teddy Boys, vijana wa miaka ya 1950 waliovaa makoti marefu yenye kola za mahameli kwa kuiga mtindo wa enzi za mfalme Edward wa Saba. Makoti ya zamani yalipopungua, ilibidi mapya yashonwe, na hapo ndipo mwalimu wa shule alipogeuka mwanafunzi: alifumua mishono ya nguo kuukuu, akachunguza jinsi kila kipande kilivyokatwa, bega lilivyojengwa na mkono ulivyopachikwa, kisha akakata kitambaa kipya kwa kufuata alichokiona. Mafundi wa mitaani popote duniani hujifunza hivyo, na inafaa kusisitizwa kwamba huo ndio mtaala mkuu wa ushonaji ambao mwanamke huyu alikuwa nao wakati anaanza kuuza.

Duka lilibadilishwa jina mara kwa mara, kila jina likija na bidhaa zake: Too Fast to Live, Too Young to Die kwa wapenda pikipiki, SEX mwaka 1974 kwa nguo za mpira na ngozi zilizowashtua wapita njia, Seditionaries mwaka 1976, na mwisho Worlds End mwaka 1980. Katika miaka hiyo fulana, vazi duni kuliko yote, ilipewa kazi nzito isiyo ya kawaida. Zipo zilizokatwa kwa namna rahisi kabisa, vipande viwili vya mraba vya kitambaa cha kuvutika vikiunganishwa kwa mishono iliyoachwa wazi nje. Zipo zilizowekwa zipu kifuani. Na ipo moja maarufu ambayo juu yake neno moja la Kiingereza liliandikwa kwa mifupa ya kuku iliyochemshwa, ikasafishwa na kuning'inizwa kwa vijinyororo. Fulana nyingine, iliyochapwa picha ya wanaume wawili wasiovaa suruali, iliwafikisha wenye duka mahakamani mwaka 1975 kwa kosa la kuonyesha picha chafu hadharani.

Kupitia McLaren, aliyekuwa meneja wa bendi ya Sex Pistols, mavazi hayo yalipanda jukwaani na kuingia magazetini: suruali ambazo miguu yake iliunganishwa kwa mkanda, sweta zilizofumwa kwa ulegevu hadi ngozi ikaonekana, na pini za kufungia nepi zilizotumika kama mapambo. Jambo moja husahauliwa hapa. Bei za duka namba 430 hazikuwa za kijana asiye na kazi, na panki wengi wa mitaani walijitengenezea zao nyumbani kwa kuchana na kupachika, kiasi kwamba mtindo uliosambaa Uingereza nzima uliliingizia duka lenyewe umaarufu mwingi kuliko fedha.

Mageuzi yaliyoamua hatima ya chapa hii yalitokea Machi 1981, pale Westwood na McLaren walipofanya maonyesho yao ya kwanza rasmi ya mavazi, mkusanyo ulioitwa Pirate kwa maana ya maharamia wa baharini. Mkusanyo, katika lugha ya biashara hii, ni seti ya mavazi yaliyobuniwa kwa wazo moja na kuonyeshwa pamoja kwa msimu mmoja, na wazo la safari hii halikutoka mtaani bali katika vitabu na makumbusho ya historia ya mavazi, mashati mapana na suruali pwaya za karne za nyuma zikirudishwa kwa mkato wake wa asili. Maonyesho yakahamia Paris. Ushirika wa wawili hao, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kuchakaa, duka lao la pili la London lililofunguliwa 1982 halikudumu, na Westwood akahamia Italia kwa muda akisaidiwa na Carlo D'Amario, Mwitalia aliyekuja kuwa meneja wa kampuni kwa miaka mingi. Alirudi London akiwa na jina kubwa na mfuko mtupu.

Alichokifanya akiwa na mfuko mtupu ndicho kinachostahili kurasa nyingi. Mwaka 1985 alichukua krinolini, ile sketi ya karne ya 19 iliyotanuliwa kwa matao ya chuma hadi mwanamke akashindwa kupita mlangoni bila kujipinda, akaikata juu ya goti na kuweka matao laini yanayokunjika mvaaji anapoketi. Miaka miwili baadaye, katika mkusanyo aliouita Harris Tweed, aligeukia kitambaa cha sufu kinachofumwa kwa mkono na wafumaji wa visiwa vya Outer Hebrides, magharibi mwa Uskoti, kitambaa ambacho sheria ya Uingereza ya mwaka 1993 ilikuja kukilinda kwa kuagiza kwamba kifumwe katika makazi ya wafumaji wenyewe. Wakati huo sufu hiyo ilihesabiwa kuwa nguo ya wazee wa mashambani wanaokwenda kuwinda, na kuipeleka kwa msichana wa disko kulihitaji jicho la pekee.

Katika mkusanyo huohuo alirudisha korseti, vazi la kubana kiuno na kuinua kifua ambalo wanawake wa Ulaya walikuwa wamelitupa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu za haki kabisa, kwani liliwanyima pumzi. Korseti ya Westwood ilipewa vipande vya kitambaa cha kuvutika ubavuni na zipu mgongoni, hivyo mvaaji akaweza kuivaa bila mtu wa kumkaza kamba na kuivua bila msaada; mwaka 1990 ikachapwa kifuani mchoro wa François Boucher, mchoraji wa Ufaransa wa karne ya 18, uliohifadhiwa katika jumba la Wallace Collection jijini London. Wakosoaji waliona ndani yake utumwa wa zamani ukirejeshwa kwa rangi mpya. Hoja yao ina uzito, lakini inapita juu ya ukweli kwamba tofauti kati ya korseti ya kale na hii iko katika ubavu na zipu, yaani katika ushonaji, na kwamba mshonaji aliyewahi kufumua nguo kuukuu ndiye aliyejua pa kulegeza.

Heshima zilifuata haraka. Alitajwa kuwa mbunifu bora wa mwaka wa Uingereza mara mbili mfululizo, 1990 na 1991. Alitunukiwa nishani na malkia mwaka 1992, siku ambayo magazeti yalishughulika zaidi na kilichokosekana chini ya sketi yake kuliko na sketi yenyewe. Na mwaka 2004 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, ambalo makabati yake alikuwa ameyasoma kama mwanafunzi, likaandaa maonyesho makubwa ya kazi zake. Mume wake wa pili, Andreas Kronthaler wa Austria, aliyekuwa mwanafunzi wake Vienna, alishiriki ubunifu kwa zaidi ya miaka ishirini. Japani ikawa miongoni mwa masoko yake makubwa, na mkufu wa lulu wa safu tatu wenye nembo ya tufe la kifalme ukawa bidhaa inayotambulika kuliko nguo yoyote.

Kukua huko kulileta mkanganyiko ambao mwenyewe hakuuficha. Katika miaka yake ya mwisho alipiga kampeni dhidi ya uharibifu wa mazingira na kuwahimiza wateja wanunue nguo chache zilizo bora, huku kampuni yake ikiendelea kutoa mikusanyo msimu baada ya msimu. Jaribio mojawapo la kuupunguza mkanganyiko huo ndilo lililoiunganisha historia ya duka namba 430 na Afrika Mashariki. Chini ya mpango wa Kituo cha Kimataifa cha Biashara, taasisi ya pamoja ya Umoja wa Mataifa na Shirika la Biashara Duniani, mikoba yenye jina la Westwood ilianza kutengenezwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa turubai kuukuu, mabango ya barabarani yaliyokwisha kazi, mabaki ya ngozi, na shaba ya njano iliyoyeyushwa kutoka katika vyuma chakavu. Mbunifu huyo alifika Nairobi, picha za tangazo lake la msimu zikapigwa huko na Juergen Teller, na mpango wenyewe ukajitangaza kuwa unatoa kazi, si sadaka.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwa jiji hilo, kwa sababu mafundi wa jua kali walikuwa wakigeuza mabaki kuwa bidhaa kabla ya mnunuzi wa Ulaya kuyaita ubunifu. Kilichobadilika ni jina lililobandikwa juu ya mkoba na rafu ulikouzwa. Maisha ya mwenye chapa yamekwisha kuandikwa katika vitabu, filamu na maonyesho; waliokata turubai na kumimina shaba huenda wengi wao wangali hai, na watafiti wa Nairobi wangefanya vyema kuwafuata sasa na kuandika ni nani alishona mkoba upi, alijifunzia kwa nani na alilipwa kiasi gani.