Msako Mpana: Nundu za Sigma Tatu na Mtu Aliyezihesabu

Jumatatu asubuhi picha ya mkeka uliotiki huwa imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp: mechi kumi na mbili, zote zimeingia, na buku moja imezaa mamilioni. Aliyeupiga anaitwa fundi, na hawakosi watu wa kumfuata faragha wamwombe timu za wiki ijayo. Mikeka iliyochanika haipigwi picha. Anayetaka kujua kama huyu ni fundi kweli asianze na ugumu wa mechi zile. Aulize kwanza mikeka mingapi ilichezwa wikiendi hiyo. Kama ilikuwa malaki kwa malaki, mmoja kutiki si ajabu, hata kama wote waliocheza walichagua timu kwa kufumba macho.

Wanafizikia wa chembe za msingi wana jina la jambo hili. Kwa Kiingereza wanaliita look-elsewhere effect, na mfasiri mwenye haraka ataandika “athari ya kutazama kwingine”. Neno mojamoja ni sahihi, ila yakikaa pamoja yanapotosha. Kwa Kiswahili anayetazama kwingine ni yule aliyeona akajifanya hakuona. Istilahi hii inakusudia kinyume chake: mtafiti amekodoa macho kila mahali, na kwa sababu hiyo alichokipata kinapungua thamani. Mimi napendekeza “athari ya msako mpana”. Msako tunaujua, ni ule wa nyumba kwa nyumba, na wenye kuusikia huuliza papo hapo: nyumba ngapi?

Tuone msako wenyewe unavyokwenda. Chembe mpya nyingi hazionekani zenyewe, maana huishi muda mfupi mno kisha huvunjika. Mtafiti hukusanya vipande vilivyobaki, akakokotoa masi ya kitu ambacho kingeweza kuvizaa, kisha tukio hilo akalitia kwenye kisanduku chake katika histogramu. Matukio yakiwa mengi, visanduku huchora mteremko laini. Pakiwa na chembe ambayo haijajulikana, kwenye mteremko huota nundu.

Taabu ni kwamba nundu huota zenyewe pia. Kisanduku kinachotarajiwa kupata matukio 100 hakipati 100 kamili. Kwa kawaida hucheza kwa takriban 10 juu au chini, yaani kipeuo cha pili cha 100. Hiyo 10 ndiyo sigma moja, au mkengeuko sanifu mmoja. Kikipata matukio 130, hiyo ni nundu ya sigma tatu, na bahati tupu huizaa takriban mara 1 katika 740. Sigma nne ni karibu mara 1 katika 31,500, na sigma tano ni mara 1 katika milioni 3.5. Mtu aliyekitazama kisanduku kimoja tu, alichokitaja kabla ya kuanza, ana haki ya kushtuka akiona sigma tatu. Lakini chukua visanduku laki moja ambavyo ndani yake hamna chembe mpya hata moja: utapata nundu za sigma tatu zipatazo 135, na za sigma nne kama tatu hivi. Za sigma tano huenda usipate.

Aliyeliweka jambo hili mezani bila kulionea haya ni Arthur Rosenfeld. Alizaliwa Alabama mwaka 1926, akasomea uzamivu Chicago chini ya Enrico Fermi, kisha katika miaka ya 1950 akajiunga na kundi la Luis Alvarez huko Berkeley, California. Kundi hilo lilikuwa na chemba ya viputo yenye urefu wa inchi 72, iliyojaa hidrojeni kimiminika. Chembe zilipopita ziliacha mistari ya viputo, na mistari ikapigwa picha. Picha zilipimwa kwa wingi, kompyuta zikafanya hesabu, na chembe mpya zikawa zinatangazwa mfululizo. Alvarez alipata Nobeli mwaka 1968. Rosenfeld naye alikuwa miongoni mwa walioanzisha orodha ya sifa za chembe zote zinazojulikana, ambayo hadi leo hutolewa na kundi liitwalo Particle Data Group. Toleo fupi la orodha lilitoshea kwenye pochi. Mtunza daftari la namna hiyo huziona zinazoingia kwa vigelegele, na huziona pia zinazofutwa kimyakimya.

Mwaka huohuo wa 1968 aliandika makala yenye kichwa cha utani, akiuliza kama kuna chembe zozote za ajabuajabu za aina ya mesoni au barioni. Ndani yake hamna utani mwingi. Alikadiria ni histogramu ngapi jumuiya nzima ya wanafizikia ilikuwa ikichora kwa mwaka, kila moja ikiwa na visanduku vyake, akahitimisha kwamba nundu za sigma tatu zilizozaliwa na bahati lazima ziwe mamia kila mwaka, na za sigma nne kadhaa. Ushauri wake kwa wananadharia ulikuwa kwamba wasubiri sigma zikaribie tano ndipo wahangaike kueleza kilichoonekana. Watu wengi wanaoitaja sigma tano leo hawajui kwamba chanzo chake ni hesabu ya msako wa aina hii.

Katika makala hiyo kuna mchezo wa mwenzake, Gerry Lynch, aliyekuwa na programu ya kompyuta iitwayo Game. Unangoja rafiki aje kukuonyesha kwa furaha nundu yake mpya ya sigma nne. Unachora mstari laini kupitia data zake, kana kwamba nundu haipo, kisha unaiagiza kompyuta itengeneze histogramu 100 za bandia kutokana na mstari huo. Data halisi za rafiki zinachomekwa humohumo, kwenye ukurasa wowote. Mnalibeba bunda la karatasi, mnapita ofisi kwa ofisi, mnamwomba kila mwanafizikia achague histogramu ya kushangaza kuliko zote. Mara nyingi iliyochaguliwa ilikuwa mojawapo ya bandia. Sijui njia bora kuliko hii ya kumfundisha mtu bila kumtukana.

Rosenfeld mwenyewe hakuendelea sana na chembe. Vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973 vilipokuja, jioni moja alianza kuzima taa zilizoachwa zikiwaka kwenye ofisi za wenzake, akakuta swichi nyingine zimefichwa na makabati na rafu za vitabu. Tabia ileile ya kujumlisha vya watu wote ikamhamishia kwenye matumizi bora ya umeme, alikofanya kazi hadi uzeeni na kutuzwa Tuzo ya Enrico Fermi. Alifariki mwaka 2017.

Nyumbani kwa wanafizikia, hesabu yake imekuwa sheria yenye nambari mbili. Neno linalotumika sana kwa nguvu ya matokeo ya kitakwimu ni “umuhimu”, nami silipendi, kwa sababu jambo laweza kuwa hakika kabisa na lisiwe na umuhimu wowote. Nitasema “uzito”. Kuna uzito wa hapo hapo, unaopimwa kana kwamba ulikitazama kisanduku hicho peke yake, na kuna uzito wa msako mzima, ambao umekwisha kutozwa upana. Mwaka 2010 Eilam Gross na Ofer Vitells, wa Taasisi ya Weizmann huko Israel, walionyesha njia rahisi ya kutoka uzito wa kwanza kwenda wa pili: hesabu ni mara ngapi mawimbi ya bahati huvuka kizingiti cha chini, kitu kinachohitaji majaribio machache tu ya kompyuta, kisha kutokana na hapo kokotoa ni mara ngapi yangevuka kizingiti cha juu.

Tofauti ya nambari hizo mbili ilionekana wazi Desemba 2015. Huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe, kundi la ATLAS lilitangaza nundu katika jozi za fotoni kwenye masi ya GeV 750. Uzito wa hapo hapo ulifika sigma 3.9. Uzito wa msako mzima ulikuwa sigma 2.3. Kundi jirani la CMS nalo liliona kitu hapohapo, dhaifu zaidi: sigma 2.6, na msako mzima haukufika hata 1.2. Nambari zote zilichapishwa, hakuna aliyefichwa. Wananadharia wakaandika makala kwa mamia, na nina shaka ni wangapi kati yao walioitazama nambari ndogo mara mbili. Agosti 2016, data zilipoongezeka mara kadhaa, nundu haikuwepo.

Bado kuna fundo ambalo hakuna istilahi itakayolifungua. Louis Lyons wa Oxford, aliyeifanya takwimu kuwa mada ya mikutano maalumu ya wanafizikia wa chembe, amewahi kuhoji kwa nini sigma tano ziwe kipimo kimoja kwa madai yote, yale yanayotarajiwa na yale yanayopindua fizikia nzima. Anahoji pia mpaka wa msako uwekwe wapi. ATLAS ilihesabu masi na upana wa nundu katika histogramu ile moja. Haikuhesabu histogramu nyingine zilizochorwa na wenzao mwezi uleule, wala za CMS. Rosenfeld alihesabu za dunia nzima. Ndiyo maana napenda “msako” ubaki nomino inayodai mwenyewe: msako wa histogramu hii, wa kundi hili, au wa jumuiya ya mwaka mzima. Anayeandika uzito wa msako mzima bila kusema ni msako wa nani ametoa nambari ambayo msomaji hana namna ya kuikagua.